Oveni ya Fruma Shapshak

Anti Fruma Shapshak alikuwa amekataa kifurushi cha chakula kwa wiki ya tano, na nyumbani kwake hakukuwa na chakula kingine. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekipandisha ngazi, na mimi ndiye niliyekirudisha kwenye gari.

Alikuwa na miaka themanini na minne. Aliishi ghorofa ya tatu pale Yeoville, kwenye jengo ambalo zamani kila mlango ulikuwa na jina la mtu wa kwetu. Mimi mwenyewe nilizaliwa mtaa wa pili. Kisha watu wakaondoka, wengine kaskazini kule Glenhazel kwenye nyumba zenye kuta ndefu, wengine Perth, wengine Toronto, wengine makaburini. Waliokuja badala yao walitoka Kongo, Zimbabwe na Msumbiji. Anti Fruma hakuondoka. Alisema miguu yake imezizoea ngazi zile kwa miaka arobaini na minane, na hana nguvu ya kuifundisha ngazi nyingine.

Kazi yangu ni majiko. Nilianza kuyafungua na kuyafunga nikiwa na miaka kumi na tano, nilipoacha shule, na sasa nina hamsini na saba. Lakini Alhamisi na Ijumaa naendesha gari la Chama. Chama kinawapelekea chakula cha Sabato Wayahudi wenzetu wasiojiweza: kuku, viazi, karoti, mishumaa, juisi ya zabibu. Anayepokea hamjui aliyetoa, na aliyetoa hamjui anayepokea. Dereva peke yake ndiye anayejua, na dereva hufunga mdomo.

Kifurushi cha Anti Fruma kilikuwa na kitu cha ziada: kilo nne za unga. Kila Alhamisi unga ulipanda ngazi, Ijumaa asubuhi ukashuka ukiwa mikate sita ya kusuka, bado ya moto, imefungwa kwa vitambaa. Niliipeleka kwa wazee sita wanaoishi peke yao. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alijipa mwenyewe mwaka ule mumewe alipofariki na jina lake likaingia kwenye orodha ya wanaopewa. Sheria yetu inasema hata mtu anayeishi kwa sadaka lazima naye atoe sadaka. Wengi huisikia sinagogini na kuiacha hapohapo. Yeye aliichukua kama ilivyo.

"Nikipokea tu bila kutoa," aliniambia siku moja, "mimi ni mfuko wenye mdomo."

Sasa alisimama nyuma ya mlango uliofungwa kwa mnyororo, nikimwona jicho moja na nusu ya pua.

"Anti Fruma, fungua."

"Nani?"

"Unajua ni nani. Kuna mwingine anayekuja huku na kuku wa barafu mkononi?"

"Mpelekee mwenye njaa."

"Si ndiye wewe hapo."

"Mimi nimeshiba, mtoto wa Gelgor. Nenda zako, kuku anayeyuka atakuchafulia viatu."

Mkono wake ulishika ukingo wa mlango. Pete yake ya ndoa alikuwa ameizungushia uzi ili isidondoke. Wiki tano nyuma haikuwa na uzi.

Niweke wazi lililotokea. Chama siku hizi kina wafadhili ng'ambo, na wafadhili wanataka kila kinachotoka na jina la Chama kiwe kimekaguliwa. Ni haki yao. Kwa hiyo Jumanne moja meneja wetu, Ilana Yudelman, alikwenda kwa Anti Fruma pamoja na Rabi Ozer, ambaye kazi yake ni kuhakikisha chakula ni halali kwa sheria yetu. Nami nilikuwepo, nikiwaonyesha mlango. Ndani ya oveni kulikuwa na kitu kinachonukia vizuri sana.

Kilikuwa cha Nabintu. Nabintu ni fundi cherehani kutoka Bukavu. Anaishi mlango wa pili na watoto watatu, katika chumba kilichogawanywa kwa mapazia na familia nyingine mbili, na jiko lake ni koili moja ya umeme inayozimika kila mgao wa umeme unapofika. Oveni ya Anti Fruma ni ya gesi. Kila Jumanne Nabintu alikuja kupika samaki wake humo. Anti Fruma alikuwa amemwekea sharti moja: nyama hapana, samaki tu. Nabintu akasema sawa, samaki.

Kwa Anti Fruma samaki ni yule mweupe wa duka letu, mwenye magamba na mapezi, kama sheria inavyotaka. Maishani mwake hakuna aliyewahi kumwuzia mwingine. Haikumjia kabisa kwamba mtu anaweza kusema "samaki" akamaanisha kitu kisicho na magamba.

Rabi Ozer akauliza kwa upole ni samaki gani. Nabintu, akidhani mgeni amevutiwa na harufu, akachukua mezani sahani aliyokwisha kuipakua na kumwonyesha kichwa. Kichwa kilikuwa na sharubu ndefu kama za mjomba wangu Shmerl. Kambale.

Hakuna aliyepiga kelele. Rabi alisema oveni imechafuka kwa haramu, mikate isitoke tena kwanza. Ilana akamshika Anti Fruma bega, akamwambia, "Pumzika sasa, Anti. Umefanya ya kutosha. Chama kitanunua mikate dukani." Anti Fruma alimwuliza Nabintu swali moja tu.

"Huyu mwenye sharubu, tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Mama. Miaka miwili."

Alhamisi iliyofuata akakataa kifurushi.

Mimi nilidhani amekasirika. Ukimwambia mwanamke wa aina ile apumzike ni kama kumwambia alale kaburini ajaribu vipimo. Kwa hiyo nilijaribu kumlainisha. Wiki ya tatu, Jumatano, mzee Idel Zackon alifariki, mmoja wa wale sita. Alikuwa na miaka tisini na minne. Ijumaa mbili za mwisho nilimpelekea mkate wa dukani, akaubonyeza kwa kidole na kuniuliza, "Wa yule mwanamke uko wapi? Huu ni pamba." Nikaona hilo litamfurahisha Anti Fruma. Kesho yake nikamwambia mlangoni: Zackon amekufa, na amekufa akiulizia mkate wako. Nilivunja siri ya dereva ili nimpe zawadi hiyo. Alinitazama kama nimempiga kofi, akafunga mlango.

Sasa ilikuwa wiki ya tano. Nilirudi na kuku wangu hadi ofisini.

Ilana si mtu mbaya. Ana miaka thelathini na nne na analala saa tano kwa siku kwa ajili ya wazee wa watu.

"Anko Leizer, nimempigia simu mara nane," alisema. "Nimempatia chumba kwenye nyumba ya wazee, kina dirisha la jua."

"Hataki jua."

"Anataka nini, basi?"

"Mpe unga aoke."

"Siwezi. Unajua siwezi. Nitawaambia nini wale wazee watano? Kuleni, oveni ina kambale lakini mwokaji ana moyo mzuri?" Alishusha sauti. "Na wiki ijayo ni ya sita. Akikataa mara sita jina linatoka kwenye orodha. Likitoka, nesi haendi tena. Fundi haendi. Hakuna mtu wetu atakayepanda zile ngazi. Sikutunga mimi hiyo kanuni."

"Nani katunga?"

"Wafadhili. Kuna watu mia moja na kumi wanasubiri nafasi."

Nilirudi Yeoville na kifurushi kilekile, hata sijui kwa nini. Nabintu alikuwa amekaa kwenye ngazi, akipachika vifungo kwenye sare ya shule.

"Mzee Leizer," alisema, "Mama hali. Ninamletea yai la kuchemsha, siku anakula, siku anarudisha. Chai anakunywa. Lakini Jumatatu na Alhamisi hata chai hapana. Hata maji."

"Jumatatu na Alhamisi?"

"Kila wiki. Leo tangu asubuhi hajaweka kitu mdomoni. Mimi nimeacha kupika kwake kwa aibu, naye akanigombeza kwa nini nimeacha. Akasema wewe hukukosa kitu, mimi ndiye niliyepaswa kuuliza."

Niliweka kuku chini.

Babu yangu alifunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima baada ya kumdhulumu ndugu yake kwenye biashara ya ngozi. Ndizo siku za mtu wa kwetu anayetubu. Mtu aliyekasirika hachagui siku. Mimi wiki tano nilikuwa nasimama mbele ya mlango wa mtu anayetubu, namtania kuhusu kuku.

Nikabisha.

"Nimekwambia nimeshiba," akasema kwa ndani.

"Anti Fruma, unafunga kwa ajili ya ile mikate?"

Kisha nikasikia mnyororo ukitolewa.

Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Gauni lilikuwa linamning'inia kama limewekwa juu ya kiti kitupu.

"Watu sita, Leizer," alisema. "Kila Ijumaa, miaka miwili. Nilihesabu, ni zaidi ya mikate mia sita. Mimi ndiye niliyewalisha."

"Hukujua."

"Mwenye jiko ndiye anayepaswa kujua. Idel Zackon alikwenda vitani kule jangwani na jeshi. Miezi minne alikula biskuti na vitunguu kwa sababu hakutaka nyama yao. Kijana wa miaka ishirini! Alinusurika na jeshi zima la adui bila kuweka haramu mdomoni, halafu akaja akalishwa na Fruma wa ghorofa ya tatu." Alifuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Na wewe ukaja kuniambia amekufa akiulizia."

"Mimi ni mpumbavu."

"Hilo nalijua tangu unavaa kaptura."

Rabi angekuwa na neno la kumwambia. Mimi ninachokijua ni majiko, na mikono yangu isipokuwa na la kufanya huwa inatafuta bisibisi.

"Niruhusu niiangalie oveni," nikasema.

"Uangalie nini? Inawaka vizuri."

"Niiangalie tu."

Niwaambie kitu kuhusu oveni ya gesi. Chini kuna bamba lenye matundu, na chini ya bamba kuna trei ambayo mwenye nyumba haioni kamwe. Kila kinachochuruzika hushuka humo na kuungua. Mafuta ya kuku huwa kama lami ya kahawia. Mafuta ya samaki ni mabaya zaidi, huganda meusi, hunuka, na hakuna sabuni inayoyang'oa. Miaka arobaini na miwili nimeyakwangua kwenye hoteli na kwenye majumba. Unaweza kupangusa oveni mpaka ing'ae juu, lakini trei ya chini haidanganyi.

Nilifungua skrubu nne, nikanyanyua bamba, nikawasha tochi.

Unga. Unga uliogeuka hudhurungi, ufuta, mbegu nyeusi za juu ya mkate, na njiti moja ya kiberiti. Nilipitisha kidole pembe zote nne. Nikanusa. Hamira ya zamani, basi. Samaki hakuwepo.

"Nabintu!" niliita. "Njoo huku. Huyu kambale wako unampikaje?"

Alisimama mlangoni akiogopa. "Kwa majani, Mzee. Kama nyumbani. Unamweka na nyanya na pilipili ndani ya jani, unafunga kwa kamba."

"Ndani ya oveni jani si linaungua?"

"Linaungua, kwa hiyo nafunga foili juu yake. Mara mbili. Juisi ikitoka utamu wote umekwenda, utakula nini?" Alimtazama Anti Fruma. "Na halafu siku ya kwanza nilimwona Mama anavyopangusa oveni yake, kama anaosha mtoto. Nikasema mimi sitachafua kitu cha mtu anayekipenda hivi. Kufungua nilikuwa nafungulia kwangu, au hapo mezani kwenye sahani yangu. Ndani ya oveni hapana, hata siku moja."

Sasa, mimi nimewahi kutengeneza oveni za watu wanaopika chakula cha abiria wa ndege. Abiria wetu wanaletewa chakula kilichofungwa mara mbili, nacho hupashwa moto kwenye oveni moja na nyama ya nguruwe ya abiria wengine, na hakuna rabi anayelia. Nilimpigia simu Ozer palepale.

"Rabi, haramu ikiwa imefungwa mara mbili haichafui oveni, sivyo?"

"Ikiwa imefungwa vizuri na haikuvuja. Kwa nini?"

"Njoo uone trei."

Alikuja saa nane mchana, Ilana akiendesha. Ni mtu mrefu, mwembamba, ndevu zake bado hazina mvi. Hakusema salamu ndefu. Alimwomba Nabintu afunge mmoja mbele yake, na kwa kuwa hapakuwa na samaki, Nabintu akafunga viazi viwili: jani, kamba, foili, foili tena, kingo zimekunjwa mara tatu. Rabi akageuza kifurushi juu chini, akakitikisa. Kisha akavua kofia, akalala chali kwenye sakafu ya jikoni na tochi yangu, kichwa ndani ya oveni. Ilana alinitazama. Nikamwambia, "Mwache, anasoma."

Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka koti lake jeusi lilikuwa na unga mabegani.

"Nilinusa, nikaona kichwa kwenye sahani, nikaamua," alisema. Hakumwambia mtu maalumu. "Sikuuliza kafungwaje. Ilikuwa swali la kwanza la kuuliza."

Kisha akachuchumaa mbele ya kiti cha Anti Fruma ili macho yao yawe sawa.

"Anti Fruma, mikate ilikuwa halali."

"Ipi?"

"Yote."

"Na ya Zackon?"

"Na ya Zackon. Wote sita, miaka yote miwili. Hukumlisha mtu haramu. Mimi ndiye niliyekubebesha kitu ambacho hakikuwepo, na ninaomba unisamehe."

Anti Fruma alimwangalia kwanza yeye, kisha mimi, kisha oveni iliyokuwa wazi kama mgonjwa kwa daktari wa meno.

"Niandikie," akasema.

Akamwandikia, juu ya mfuko mtupu wa unga, na kutia sahihi. Aliusoma bila miwani, midomo ikitembea, halafu akaukunja na kuuweka kifuani. Hapo ndipo alipolia, kidogo, bila sauti, huku Nabintu amemshika kichwa. Ilana naye alikuwa dirishani akishughulika na pua yake. Mimi nilirudisha skrubu.

"Sasa utakula?" nilimwuliza.

"Leo Alhamisi. Nitakula jua likizama."

"Utakula sasa hivi," alisema Rabi Ozer, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akipandisha sauti. "Huna sababu ya kufunga. Leteni yai."

Akala yai. Akala la pili. Alisema la pili halijaiva.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini Rabi ni mtu wa kazi yake. Alikunywa chai, akafuta ndevu, akasema yaliyopita ni safi, ila kuanzia sasa hawezi kuweka jina la Chama juu ya oveni inayoingia kambale kila Jumanne. Siku moja foili itachanika.

"Basi mimi nitaacha," Nabintu akasema haraka. "Koili yangu ipo."

"Huachi," alisema Anti Fruma. "Umepanda na kushuka ngazi hizi kuninunulia dawa tangu mwaka juzi. Nikikufungia jiko, nimekuwa nani? Mikate basi. Na kama mikate basi, kifurushi basi. Leizer, mrudishe kuku."

"Anti!" Ilana alisema. "Si tumemaliza?"

"Mmemaliza ninyi. Huyu nampa jiko, ananipa mguu wake. Kwenu ninatoa nini?"

Ilana akaanza, "Labda Chama kinaweza kumnunulia Nabintu jiko..." kisha akanyamaza mwenyewe, kwa sababu orodha ya Chama ni ya watu wetu tu, na sote mle ndani tulimsikia akilikumbuka hilo. Uso ukamwiva. Nabintu akatazama sindano yake.

"Mimi ninalo jiko," nikasema.

Sikuwa nimepanga kusema. Ni la gesi, la mtungi, lina oveni, dogo, la enameli nyeupe. Lilikuwa la mama yangu, la Pasaka. Pasaka hatugusi chombo kilichogusa hamira, kwa hiyo mama alikuwa na jiko lake la siku nane tu kwa mwaka. Siku nyingine zote lilikaa kwenye gereji limefunikwa blanketi. Baada yake likawa la mke wangu. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo halijawashwa, maana mtu mmoja hapiki Pasaka. Nililiweka kwa ajili ya binti yangu Adina aliye Perth. Kila mwaka anasema, mwakani, Baba. Kila mwaka kabla ya Pasaka nalifunua, napangusa enameli, nakagua vichomeo, nalifunika tena.

"Bei gani?" Nabintu aliuliza.

"Bure. Lipo tu."

Alinyanyua macho. "Bure kwa nini? Mimi ninaomba? Umeniona barabarani na kopo?"

"Sikusema..."

"Umeona!" Anti Fruma akapiga meza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tano kumwona akifurahi. "Mwambie, mwanangu. Hawa watu wanajua kutoa tu. Kupokea hawajafundishwa."

"Nitakushonea mashati," alisema Nabintu.

"Sihitaji mashati."

"Basi kaa na jiko lako."

Ilana alicheka kwa sauti. Hata Rabi aliangalia dari. Nikasema haya, mashati. Akainuka palepale na utepe wake, akanisimamisha katikati ya chumba, akanipima shingo, mabega, mkono. Hakuna mtu aliyenigusa kola tangu mke wangu alipoondoka. Nilisimama wima kama kijana siku ya sherehe yake sinagogini.

"Kola yako imekuwa kubwa namba mbili," alisema. "Nani anakupikia?"

"Mimi."

"Inaonekana," alisema Anti Fruma. "Mama yake alikuwa anaoka matofali. Ni ya ukoo."

Jumapili nililipeleka lile jiko. Watoto wa Nabintu walishika ncha moja, mimi nyingine, na ghorofa ya pili tulipumzika. Blanketi nilirudi nalo.

Ijumaa ya wiki ya sita mikate ilishuka ngazi. Mitano, ya moto, kwenye vitambaa vyake.

Gharama yake ni hii. Ijumaa tano bila mkate wake, jumla ya mikate ishirini na saba ambayo haikuokwa. Kilo saba mwilini mwa Anti Fruma, na nesi anasema kwa umri ule hazirudi zote, zimerudi mbili. Sabato mbili za mwisho za Idel Zackon, alizokula pamba. Jiko moja la Pasaka, la enameli nyeupe, la miaka hamsini na mitatu, vichomeo vyote vizima. Na simu moja kwenda Perth. Nilimwambia Adina nimelitoa. Akasema, "Afadhali, Baba." Neno mwakani hakulitaja. Hilo nalo nalihesabu.